Krismasi Isiyo na Chumvi

Mwaka ule kalenda za ofisi yetu zilitoka kwa mpiga chapa zikiwa na mwezi wa Juni wenye siku thelathini na moja. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya bima pale Westlands, na kila Desemba kazi ya kugawa kalenda ilikuwa yangu. Mtu ambaye hajawahi kugawa kalenda Nairobi hawajui binadamu. Wateja ambao hatukuwa tumewaona tangu Pasaka walipanda ngazi wakihema, wakaniulizia hali ya watoto, kisha wakaomba tatu: moja ya sebuleni, moja ya mama kule mashambani, na moja ya mchungaji. Walinzi wa majengo ya jirani walikuja. Hata ofisi ya bima ya ghorofa ya chini, ambayo ilikuwa ikitunyang'anya wateja mwaka mzima, ilimtuma mtu aje kutuomba radhi na kuchukua kalenda.

Bosi aliitazama ile Juni kwa muda mrefu, akaniuliza kama nadhani wateja watagundua. Nikamwambia watagundua siku ya thelathini na moja. Akasema basi tuna nusu mwaka wa kufikiria la kuwaambia. Nilianza kucheka, halafu nikaona ukuta unanisogelea kama mtu anayetaka kuninong'oneza jambo, na niliposhtuka nilikuwa nimeketi sakafuni katikati ya maboksi, mwenzangu mmoja akinipepea kwa kalenda.

Wakanipeleka mjini kwa daktari. Alikuwa mzee kutoka pwani, mwenye kofia nyeupe ya mviringo na miwani iliyofungwa uzi, na chumba chake kilikuwa juu kabisa katika jengo ambalo lifti yake ilishaaga dunia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, hata habari mbaya ikitoka kinywani mwake ulihisi unaalikwa harusini. Sisi wengine tunasema presha. Yeye aliniambia shinikizo langu la damu limepanda, si la kunitisha wala si la kudharau. Niache kazi nzito, nipunguze chumvi, nitembee kidogo asubuhi.

"Na hii sikukuu, bibi," akasema, "iache ipite mbali nawe."

Nikamuuliza kuhusu chapati. Akadhani naulizia kula, akasema moja mbili hazina neno. Nikamweleza kwamba nimeolewa na kifungua mimba, kwamba kila Krismasi tunakwenda kwa mama mkwe wangu upande wa Limuru, na kwamba tangu mwaka niliofunga ndoa ni mimi ninayewapikia chapati ukoo mzima, pamoja na watu ambao hadi leo sijaelewa wananihusu kwa njia gani, na wengine huja na mikebe ya kubebea. Daktari akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Hizo," akasema, "zitakuua."

Nilishuka zile ngazi nikiwa mwepesi kama mshtakiwa aliyeachiliwa huru. Nyumbani kwetu Kangemi, upande wa juu karibu na barabara kuu, nilimweleza mume wangu neno kwa neno, na lile la mwisho nikalirudia. Mume wangu ni mtu mpole anayeamini kwamba jambo lolote ukilikalia vya kutosha litajimaliza lenyewe. Hapendi kutoa habari mbaya kwa mdomo. Kwa hiyo akamwandikia mama yake meseji fupi: mama watoto ana presha, daktari amesema apumzike, Krismasi hatutakuja. Kisha akaweka simu mezani, akafungua gazeti, nami nikafumba macho nikaiona Krismasi yangu imetandazwa mbele yangu, tupu na safi kama shuka jipya.

Mama mkwe hakuwa na miwani, kwa hiyo meseji ile alisomewa na jirani. Jirani aliisoma kwa sauti ya huruma, na huruma huwa ina nyongeza zake. Kufikia jioni, Limuru ilijua kwamba nimeanguka barabarani Westlands. Kufikia ibada ya jioni nilikuwa na kiharusi. Wifi yangu mmoja aliyeolewa Nakuru alipiga simu akilia, akataka kujua kama bado ninaweza kuongea. Nilikuwa nimeipokea simu mwenyewe. Nikamwambia naweza. Akaniuliza anaongea na nani.

Asubuhi yake mama mkwe akawa mlangoni. Alikuwa amebeba kuku mzima anayepiga kelele, mfuko wa nduma, blanketi lake, na sufuria yake kubwa, kwa sababu alisema sufuria za mjini ni nyembamba na zinaunguza chakula kwa dharau. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na kitambaa kichwani kilichofungwa kwa nguvu sana. Aliniangalia kutoka juu hadi chini, nadhani akitafuta upande uliopooza.

"Nimekuja kukupumzisha," akasema.

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo likitumika hivyo. Nilijua kuoga, nilijua kuogeshwa, lakini sikujua kwamba hata kupumzika mtu anaweza kufanyiwa na mwingine, tena kwa nguvu. Mapazia yalifungwa. Redio ilizimwa na kufunikwa kitambaa. Watoto wetu wawili, waliokuwa wamefunga shule na kuingoja likizo hii mwaka mzima, waliambiwa wanong'one, na kwa kuwa hawakuwahi kunong'ona maishani mwao walinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya chini. Mimi nililazwa chali kitandani mchana kweupe, nikafunikwa lile blanketi la Limuru, katika joto la Desemba. Kila baada ya muda mfupi mlango ulifunguka, kichwa chenye kitambaa kikachungulia.

"Umepumzika?"

Nikijibu ndiyo, aliniambia basi niendelee. Nikijibu bado, aliniambia sijitahidi.

Na kulala pale hakukuwa kulala. Mtu anayesikiliza jikoni kwake kukiendeshwa na mtu mwingine hapumziki, anapigana vita akiwa amefumba macho. Nilisikia kikombe kikianguka, nikajua ni kipi. Nilisikia maziwa yakichemka, yakipanda, yakiimba ule wimbo wa mwisho kabla ya kumwagika, nikahesabu moyoni nikiomba mtu ayaepue, kisha nikayasikia yakiungua juu ya moto. Niliinuka. Kabla mguu haujagusa sakafu, sauti ikatoka jikoni: "Rudi ulale."

Kisha wageni wakaanza. Kina mama wa kanisa lake walikuja kutoka Limuru kwa gari la kukodi, wamevaa sare, kuja kumwona mgonjwa akipumzika. Niliondolewa kitandani nikawekwa kwenye sofa, leso miguuni, ili kila mtu anione vizuri. Waliimba kwa upole. Waliomba kwa muda mrefu. Baadaye wakinywa chai, kila mmoja alinisimulia habari za mtu aliyemjua ambaye presha ilimchukua. Mmoja alikuwa anakata nyasi. Mwingine alikuwa anafunga kiatu. Mmoja, mama aliyekuwa na sura ya furaha sana, alisema binamu yake hakuwa akifanya chochote, alikuwa amepumzika tu, kama mimi hivi. Mama mkwe akatikisa kichwa na kuwaongeza chai.

Walipoondoka alikuja kuketi karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana amefurahi. Alisema amekuwa akifikiri. Haikuwa haki, alisema, watu wote wale washerehekee Limuru huku mimi nimelala hapa peke yangu kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Mungu alikuwa amempa suluhisho wakati wa ule wimbo wa pili.

"Kama wewe huwezi kuja Krismasi," akasema, "Krismasi itakuja kwako. Nimeshawaambia wote."

Nikamuuliza wote ni kina nani.

"Wote," akasema. "Lakini wewe hutafanya chochote. Utakaa tu."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amelishika gazeti karibu na uso kuliko kawaida, nami nikaelewa kwamba alikuwa anajua tangu asubuhi na alikuwa analikalia jambo hilo ili lijimalize.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na sebule ambayo, ukifungua mlango wa kabati, mtu wa kwenye kiti ilibidi asimame. Siku ya Krismasi waliingia hadi nikaacha kuwatambua. Walikaa kwenye viti, kwenye mikono ya viti, kwenye vitanda, kwenye ngazi za nje wakiwapokeza majirani watoto wachanga. Mimi niliwekwa kwenye sofa katikati, kama bibi harusi asiye na bwana. Kila aliyeingia aliinama kunisalimu kwa sauti ya chini na polepole, neno moja moja, ile ya kuongea na mtu asiyesikia. Wifi wa Nakuru alinishika mkono na kuniomba nivisogeze vidole. Nilivisogeza. Akamsifu Mungu.

Chapati mama mkwe alipika mwenyewe, zote, tangu kabla ya kucha, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na jiko langu. Wake wa shemeji zangu walijaribu kuingia kumsaidia, wakatolewa mmoja mmoja. Nilimsikia akisukuma unga, akigeuza, akipanga, bila kuketi. Nilipomwita aje angalau anywe chai, alinijibu kwamba anayeumwa ni mimi.

Chakula kilipoandaliwa kilikuwa kingi na kizuri kwa kutazama. Pilau, kuku, mchuzi wa mbuzi, kabichi, chapati zilizopangwa kama nguzo. Mjomba mmoja akaombea chakula kwa ufupi kwa sababu ya njaa. Watu wakapeleka tonge la kwanza mdomoni, na la pili likasimama njiani.

Hakukuwa na chumvi. Sisemi chumvi ilikuwa kidogo. Haikuwapo katika mchuzi, wala katika wali, wala ndani ya unga wa chapati. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono imejaa unga, akaeleza kwamba daktari amekataza, na kwamba familia haiwezi kukaa inakula chumvi mbele ya mtu wao aliye mgonjwa. Ni kama kumtafunia mtu nyama masikioni na yeye amefunga. Aliyemeza alimeza, na aliyekuwa bado anatafuna akaendelea kutafuna, akinitazama mimi.

Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyeanza. Alikuwa dereva mstaafu, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo. Alisimama, akasema anatoka nje kupokea simu. Simu yake ilibaki mezani. Alirudi baada ya muda akiwa mchangamfu, akaketi, na nikaona mkono wake ukiingia mfukoni, ukapita juu ya sahani kama anayefukuza nzi, ukarudi mfukoni. Alikula kwa raha. Aliyekaa kando yake alimtazama, akamtazama tena, halafu naye akapigiwa simu. Muda si muda simu zilikuwa zinapigwa kwa kila mwanamume mle ndani, pamoja na wasio na simu. Wanawake nao walianza kutaka kuangalia kama mvua inakuja, chini ya jua lile. Watu walishuka ngazi wakiwa wamenuna na kupanda wakiwa na moyo wa sikukuu.

Baba mdogo alipopita karibu nami kuongeza kuku, alisita, akaangalia jikoni, na vidole vyake vikapita juu ya mchuzi wangu.

"Hata mgonjwa ni mtu," akaninong'oneza.

Sikukataa. Kesho yake mwenye duka lililo ng'ambo ya barabara aliniita, akaniuliza kwa heshima kulikuwa na shughuli gani kwetu. Alisema alikuwa amefungua duka kidogo tu siku hiyo kwa ajili ya soda, lakini wanaume waliovaa suti walikuja mmoja baada ya mwingine wakitaka chumvi, hadi ikamwishia. Alikuwa amedhani tumechinja ng'ombe na tunakausha ngozi.

Wakati wa kurudi kwa daktari ulipofika, sikukuu ya mwaka mpya ilikuwa bado mbele. Mama mkwe alisema ni lazima anisindikize, kwa kuwa daktari atahitaji kuelezwa na mtu aliyeshuhudia. Mji ulikuwa umebaki mtupu. Hizo ndizo siku pekee za mwaka ambazo mtu anaweza kuvuka barabara katikati ya Nairobi huku anawaza mambo mengine. Tulipanda zile ngazi taratibu. Nilisimama mara kwa mara kumngoja, akawa ananiambia anasimama kwa ajili yangu.

Daktari alinipima, akatazama kipimo, akanitazama mimi. Bado kilikuwa juu, akasema, tena kimepanda kidogo. Aliniuliza kama nimepumzika. Kabla sijafungua kinywa mama mkwe alisogea ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akatoa ripoti. Alimweleza kuhusu mapazia, blanketi, redio, maombi, na jinsi alivyoileta familia yote ili nisijisikie mpweke. Alimweleza kwamba tangu afike hajaruhusu mtu aguse jiko. Amefua, amepika, ameosha, amepokea wageni, na hajalala vizuri kwa sababu usiku huamka kusikiliza kama napumua. Alizungumza kwa fahari na kwa Kiswahili cha Limuru, na daktari akamsikiliza kwa uso wa mtu anayesomewa kitabu kizuri. Alipomaliza, daktari alimshukuru sana.

"Na sasa, mama," akasema, "nipe mkono wako."

Mama mkwe alimpa, akidhani anaagwa. Daktari akaufunga kile kitambaa cha kupimia. Tulisikia pumzi ya ule mpira. Akapima tena. Akaandika, akageuza karatasi nione. Changu kando ya chake kilikuwa kama kilima kando ya mlima.

"Hiyo mashine imeharibika," mama mkwe akasema. "Imechoka na Krismasi."

Daktari akapima mkono wa pili. Kisha akaketi, si nyuma ya meza yake bali kwenye kiti kilichokuwa mbele yetu, na akamuuliza, kwa ule upole wake, ni lini mara ya mwisho alipumzika. Nilidhani mama mkwe atalijibu papo hapo, kwa sababu hakuna swali nililowahi kumwona akikosa jibu lake. Alifikiri. Alitazama dirishani, akatazama mkoba wake. Nilimwona akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, akipita mazishi, mavuno, harusi, ng'ombe wa kukamua alfajiri, akitafuta.

"Nilipozaa huyo wa mwisho," akasema hatimaye. "Hospitali walinilaza."

Huyo wa mwisho sasa alikuwa na watoto wake na upara.

Daktari alimwandikia dawa, na akampa maagizo yale yale aliyonipa mimi: chumvi apunguze, kidogo, si kuimaliza duniani, kazi nzito aache, atembee asubuhi. Tulishuka ngazi, karatasi ya dawa ikiwa mkobani mwake. Sikuwa na hamu ya kucheka, ingawa kwa muda wa wiki nzima nilikuwa nimeomba Mungu anioneshe siku kama hii. Pale chini mlangoni alinishika kiwiko.

"Usiambie mtu," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Watakuja kuniona."

Tukatazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba yake kutazamana namna ile, wanawake wawili wanaojua jambo moja. Midomo yake ilianza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kimekosa njia. Alicheka hadi akashika ukuta. Mlinzi wa jengo alitoka kuona kuna nini. Mama mkwe akafuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza sasa tutaenda wapi, maana kule nyumbani kina mama wa kanisa walikuwa wameahidi kurudi.

Nilimpeleka Kenyatta Market. Halikuwa jambo la hekima. Nywele zangu tu zilikuwa zimekaa vibaya tangu nilipoanza kupumzishwa. Msimu wa kusuka ulikuwa umepita, kila mwanamke wa Nairobi ameshasukwa na kusafiri, na wasusi walikuwa wamekaa kwenye vibanda vyao bila kazi. Walitukamata langoni, kila mmoja akivuta upande wake, wakatukalisha kwenye viti viwili vya plastiki vilivyopakana. Wawili wakanishika mimi. Msichana mmoja mwenye mikono laini akafungua kile kitambaa cha mama mkwe. Chini yake kulikuwa na nywele nyeupe, nyembamba, nyingi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa sijawahi kuziona.

"Shosho, nikufanyie aje?" msichana akauliza, kama anayesema na nyanya yake.

Mama mkwe alinitazama mimi kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. Watu walikuwa wamemuuliza mambo mengi maishani, wapi iko sukari, lini tutakula, nani atakaa na mtoto, lakini swali hilo nadhani lilikuwa halijawahi kumfikia.

"Usivute sana tu," akasema.

Msichana akaanza matuta madogo ya kwenda nyuma, polepole. Moshi wa nyama choma ulikuwa unakuja kutoka vibanda vya upande wa pili, redio ya jirani inaimba nyimbo za injili, na wasusi walikuwa wanasengenya kwa furaha mtu ambaye hatukumjua. Hakuna aliyetujua wala aliyetaka kutuombea. Nilihisi mabega yangu yakishuka yenyewe, nikashangaa, kwa maana sikuwa nimejua kwamba yalikuwa yamepanda. Nilipogeuka kumwambia mama mkwe jambo, alikuwa amelala. Alikuwa amelala usingizi wa mtoto, kinywa wazi, mikono imeushika mkoba. Msichana alimwonyesha mwenye redio ishara apunguze sauti, akaendelea kusuka kama anayeshona kitu kinachoweza kuamka.

Simu yangu ikalia. Mume wangu alikuwa anauliza tuko wapi, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa sare za kanisa na hakujua chupa ya chai iliwekwa wapi. Nikamwambia daktari bado anapima.

"Anapima nini muda wote huo?"

"Presha."

Mama mkwe, bila kufungua macho, akasema, "Mwambie foleni ni ndefu."

Tulikaa pale hadi jua likaanza kuegemea. Aliamka, akapewa kioo, akajitazama mbele na pembeni bila kutabasamu, kisha akakunja kitambaa chake vizuri na kukitia mkobani. Alienda nyumbani kichwa wazi. Mume wangu alifungua mlango, akamtazama mama yake, na gazeti likamponyoka mkononi.

Alibaki nasi hadi shule zikafunguliwa. Siri aliitunza hadi mwisho. Ukoo wote uliambiwa kwamba mimi ndiye bado mgonjwa, na kwamba yeye anakaa Kangemi kunipumzisha. Mapazia yalifunguliwa, watoto wakarudishiwa sauti zao, na chumvi ikarudi mezani kwa kiasi cha kawaida. Jikoni tulipeana zamu. Akipika yeye, mimi nakaa sebuleni na redio. Nikipika mimi, yeye anakaa hapo hapo, na ingawa siku za kwanza miguu yake ilikuwa inatikisika kama ya mtu anayengoja gari, ilizoea. Maziwa yakimwagika, yanamwagika.

Na kila asubuhi tulitembea, kama tulivyoamriwa. Tulivuka barabara kuu, tukapita Loresho, na siku tukiwa na nguvu tulifika hadi Spring Valley, kwenye njia za miti mikubwa na mageti yaliyofungwa. Mama mkwe alikuwa hajawahi kuona ardhi ya namna ile ikikaa bure. Alisimama mbele ya kila ua akichungulia kati ya vyuma, na mbwa wa ndani wakibweka naye akiwapuuza.

"Nyasi zote hizi," alisema, "na hakuna hata ng'ombe mmoja."

Siku moja askari wa geti moja alitoka kwenye kibanda chake, akatukuta tumesimama hapo, mama mkwe ameshika vyuma, anahema kidogo baada ya mlima. Alikuwa mtu wa makamo, si mkali. Alitusalimu vizuri, akatuambia tusipoteze wakati, kwa sababu wenye nyumba wamesafiri kwa sikukuu na huku ndani kwa sasa hakuna kazi.

"Hatutafuti kazi," mama mkwe akamwambia. "Ndio tumetoka kuiacha."

Askari alicheka, akaingia ndani, akatoka na benchi lake dogo la mbao, akalifuta kwa mkono. Mama mkwe alikaa bila kubembelezwa. Alinyoosha miguu barabarani, akapigapiga kwa kiganja mahali kando yake ili nikae, na tukakaa hapo tukiangalia zile nyasi.